Mikono Nyuma

Makutupora, Jumamosi alasiri

Seche mwanangu,

Umekaa hapo nje kwenye mkeka, kichwa kiko mapajani mwa shangazi yako Tabitha, anakusuka, na wewe unahesabu mistari ya nywele kwa sauti. Nakusikia kupitia dirisha. Umefika saba. Kesho saa kumi na mbili asubuhi mtapanda basi la Iringa, wewe na yeye, uende kuanza chuo cha ushonaji, na mimi nitabaki na nyumba hii pamoja na kuku wako. Hii ni mara ya tatu nakaa kukuandikia. Mara ya kwanza niliinuka kwenda kuangalia kama mbuzi wamefungwa, nao walikuwa wamefungwa. Mara ya pili nilifungua begi lako kuhakikisha sweta lipo, nikalikuta pale pale nilipolikuta jana na juzi.

Sitakuandikia habari za sabuni wala dawa ya meno. Orodha yako uliyoibandika ndani ya kifuniko cha begi ni nzuri kuliko yoyote ambayo ningeandika mimi. Wala sitakuandikia maneno ya kuzunguka, kwa sababu huyapendi. Nikikwambia roho iko juu juu utaniuliza juu ya nini. Kwa hiyo nasema wazi: ninaogopa. Tangu asubuhi ninaogopa na siwezi kutulia mahali pamoja. Na kuna jambo nimelificha kwa miaka sita, linahusu siku ile uliyoanguka kanisani, na sitaki uondoke bila kulijua. Nitalifikia. Najua ungetaka nianze nalo, lakini lina mwanzo wake, na wewe ndiye unayependa mambo yaende kwa mpangilio.

Ulipokuwa na miaka saba ulikuwa unaanguka mahali ambapo hapana kitu. Uwanja umefagiliwa, hakuna jiwe, hakuna shimo, na wewe chini. Magoti yako yalikuwa na vidonda visivyopata nafasi ya kupona. Wenzako wa rika lako walikuwa wameshaanza kuchota maji, ndoo ndogo kichwani, ngata chini yake, mikono inaning'inia huku wanapiga soga kana kwamba hawakubeba kitu. Mimi nikakukunjia kipande cha kanga kuukuu, nikakifunga vizuri kikawa ngata ya kichwa chako, nikakupa ndoo ya lita tano. Ulirudi umelowa hadi miguuni na ndoo haina kitu. Nikakurudisha bombani. Ukarudi vile vile. Nikakuzaba kofi, nikakurudisha tena, maana nilikuwa nimeshajiambia kwamba huyu mtoto ni mkaidi, anamwaga kwa makusudi ili asitumwe.

Mara ya tatu ulirudi mkavu. Ndoo ilikuwa kichwani, umeishika pande zote mbili kwa mikono, na ndani hamna hata tone. Nilipokuuliza maji yako wapi ulinijibu, "Yamebaki bombani. Hayajamwagika." Bibi yako alicheka mpaka ugoro ukamtoka puani. Mimi sikucheka. Nilikuchapa kwa jibu lile. Leo nikilikumbuka naona ulikuwa umetafuta njia ya pekee ya kunipa nilichotaka, maji yasiyomwagika, na mimi nikakupiga.

Hilo ni kosa la kwanza. Nimeinuka kidogo kuzima jiko, nikakuta hata sikuwa nimeliwasha.

Mwalimu wako wa darasa la kwanza ndiye aliyesema tukupeleke mjini ukaangaliwe. Huko ndiko nilikolisikia neno usonji kwa mara ya kwanza, nikaomba nirudiwe, kisha nikaomba niandikiwe. Baada ya hapo wakatupeleka kwa Dada Rehema, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, yule aliyekuwa akivaa raba za njano. Unamkumbuka kwa raba kuliko kwa uso. Alikwambia usimame kwa mguu mmoja, ukasimama kwa muda wa kusema "ah". Akakuomba ufumbe macho, ukakataa. Nikakukaripia pale pale: "Fumba macho, si umeambiwa!"

Akanigeukia kwa ule upole wake wa kuudhi. "Mama Seche, hebu jaribu wewe."

Nikavua kandambili, nikainua mguu, nikafumba macho. Nilidaka meza yake na kikombe cha kalamu kikaenda chini. Ukacheka, Seche. Sikuwahi kukusikia ukicheka mbele ya mtu asiye wa nyumbani.

Akanieleza kwamba mwili hujua ulipo kwa msaada wa macho, na sehemu fulani iliyo ndani ya sikio, na habari zinazotoka kwenye nyayo na viungo. Kwa watoto wengi wenye usonji habari hizo hazifiki kwa utaratibu mzuri, mtoto anabaki hana uhakika na sakafu. "Haangukagi kwa uvivu huyu," alisema. "Kusimama tu hapo anafanya kazi kubwa kuliko wewe." Akasema kuna mazoezi ya kila siku, machache machache, na yakifanywa kwa uvumilivu yatakusaidia.

Nikamuuliza, "Akishajua kusimama, atakuwa kama wenzake?"

"Atakuwa huyu huyu, ila anasimama vizuri. Usonji hauondoki kwa kuruka ruka, mama. Usije ukasema niliahidi hivyo."

Nilisikia nusu ya kwanza tu. Nilirudi Makutupora nikiamini kwamba siku utakayobeba ndoo bila kumwaga, mengine yote yatajinyoosha yenyewe, utazungumza na wageni, utakula wali uliogusana na mboga, utaacha kuziba masikio kwaya ikianza. Nilikufanyisha mazoezi kwa miaka mingi nikikuwazia ya kwangu, na wewe ulikuwa unataka tu kuacha kuanguka.

Baba yako alikuwa amekuja kwa likizo kutoka Mtera, kwenye kazi yake ya bwawani. Alisikiliza maelezo yangu yote, akachukua panga akaenda shambani. Akarudi na nguzo moja ya mizabibu, ile minene tunayofungia waya. Akaichonga upande wa juu ukawa bapa, akailaza juu ya matofali mawili yaliyolala, ikawa imeinuka kutoka ardhini kwa kimo cha kiganja. Kisha akajaza nusu gunia la mchanga, akalishona mdomo, akalibwaga ukutani. Baba yako ndivyo alivyo, mapenzi yake hutayasikia, utayakuta yamechongwa uwanjani.

Basi tukaanza. Asubuhi kabla jua halijachoma, kwa mpangilio ule ule ambao sasa unaweza kuusema usingizini. Kwanza mstari wa majivu niliochora kutoka mlangoni hadi kwenye banda la kuku, unatembea kisigino kikigusa kidole. Kisha gunia la mchanga, unasimama juu yake miguu yote miwili, kisha mmoja, kisha mwingine. Kisha kuruka ndani na nje ya tairi. Mwisho nguzo ya baba. Dada Rehema alikuwa ameniwekea sharti moja: niwe karibu nawe, hatua moja tu, lakini mikono yangu niiweke nyuma. "Akitaka kushika atakushika yeye," alisema. "Ukimshika kila mara, mwili wake hautajifunza. Utakuwa unasubiri mkono wako."

Wewe ulilichukua sharti lile kama lilivyo. Kila asubuhi kabla hujaweka mguu kwenye majivu ulinigeukia: "Mama, mikono nyuma." Nisipoiweka hukuanza. Nilikuwa na unga mikononi, au nimeshika kisu cha kupogolea, au majirani wamesimama njiani wanatushangaa, hukujali. Mikono nyuma kwanza.

Nami ni mtu wa haraka, unanijua. Nakula nimesimama, nafunga kanga huku natembea. Nilitaka tuharakishe mambo. Siku moja kuku alipita katikati ya mstari ukasimama ukamsubiri, naye akasimama kuchokora majivu, nikamfukuza, na kwa sababu nilimfukuza ukasema tumeharibu, ukarudi mlangoni kuanza upya. Mara nne siku hiyo ulianza upya. Wenzangu walikuwa wameshafika shambani. Nilipandwa na hasira nikapiga teke lile gunia la mchanga, kidole gumba kikavimba wiki nzima. Ulikitazama kidole, ukalitazama gunia, ukasema, "Hilo halimo kwenye mazoezi."

Ilinichukua muda kuelewa kwamba kuanza upya hakukuwa ukaidi. Ule mpangilio ndio uliokuwa mkongojo wako, na mimi nilikuwa naupokonya kila nikikuharakisha. Nilipoacha kukuharakisha tukawa tunamaliza mapema. Sikukwambia kwamba ulikuwa sahihi, nilijifanya nimebuni utaratibu mpya.

Mwezi mzima ulipita ndipo ukafika hesabu ya tatu kwa mguu mmoja. Hesabu ya kumi ilikuja baada ya mavuno mawili ya zabibu. Kwenye nguzo ulianza kwa kukanyaga mguu mmoja juu na mwingine ardhini, ukaenda hivyo miezi, kisha asubuhi moja miguu yote miwili ikawa juu na ukatembea hadi mwisho, ukashuka, ukaenda kunywa uji bila hata kunitazama. Nilibaki nimesimama pale mikono nyuma, machozi yananitiririka, sina hata mkono wa kuyafuta kwa sababu hukuwa umeniruhusu kuachia. Magoti yako yalipona. Hilo nalikumbuka kuliko yote, siku niliyokuogesha nikaona magoti hayana kidonda hata kimoja.

Na ndoo uliirudia mwenyewe. Sikukutuma. Ulikuwa na miaka kumi na moja, ulikuta ile ngata ya zamani kwenye kikapu, ukaniambia, "Hii ni yangu." Ukaanza na robo ndoo.

Sasa nimefika kanisani.

Nimetoka nje kidogo. Shangazi yako ananiuliza, "Wifi, una nini leo, mbona huketi?" Nikamwambia natafuta kitana. Kilikuwa mkononi mwake.

Seche, ulikuwa na miaka kumi na miwili. Ilikuwa ibada ya shukrani ya mavuno, na wasichana walikuwa wapeleke zabibu madhabahuni, kila mmoja na kikapu chake kichwani. Mimi ndiye niliyekwenda kwa mama mchungaji kuomba na wewe uwemo. Hukuomba wewe, niliomba mimi. Nilitaka wakuone. Nilitaka wale waliosema umerogwa, na wale waliosema nilikulea kwa kukudekeza, wakae kwenye mabenchi yao wakutazame. Kwa wiki tatu tulifanya mazoezi ya ngazi, ngazi tatu za matofali uwanjani sawa na zile za kanisani. Ulizipanda kila siku na kikapu na hukuyumba hata mara moja.

Siku yenyewe ulikuwa wa tano katika mstari. Kwaya ilikuwa inaimba na masikio hukuziba, mikono yako ilikuwa chini, imelegea kama ya wenzako. Ukapanda ngazi ya kwanza. Kwenye ya pili ulisimama. Msichana aliyekuwa mbele yako alikuwa amesimama kupokelewa kikapu, na wewe ulikuwa unamsubiri amalize, kama ulivyomsubiri yule kuku. Sasa hivi naliona wazi. Wakati ule nilichoona ni wewe umesimama kwenye ngazi ya pili na kanisa zima linakutazama, na kikapu kikaegemea upande kidogo, kidogo tu, ukakirudisha kwa shingo.

Nikatoka kwenye benchi. Nilikuwa nimekaa mbele kabisa, zilikuwa hatua nne. Nikakushika kiwiko kwa nyuma.

Hukujua ni mimi. Hukuwa umenisikia kwa sababu ya kwaya. Wewe ambaye hata mkono wa mtu unayemwona unataka uambiwe kwanza kabla haujakugusa, nilikudaka kwa nyuma, ukaruka kwa mshtuko, na mguu ukakosa ngazi. Ulianguka kwa ubavu. Zabibu zilibiringika hadi chini ya mabenchi ya wazee, na watoto wakaanza kuziokota.

Hukujikwaa siku ile, mwanangu. Mimi ndiye niliyekuangusha.

Watu waliinuka, mama mchungaji akaja mbio akauliza kuna nini, na neno likanitoka kabla sijafikiri: "Amejikwaa." Wakaamini, kwa nini wasiamini, si ndivyo ulivyojulikana. Waliokuwa nyuma waliona mama anakimbilia kumdaka mtoto anayeanguka. Wengine walinipa pole nyingi, wakanisifu kwa kuwahi. Nikazipokea zile pole. Nilipokuinua uliniuliza, "Nimeanguka kwa nini?" nikakwambia na wewe vile vile, "Umejikwaa."

Ingeishia hapo labda ningesahau. Lakini Jumatatu yake ulitoroka nyumbani, nikakutafuta shambani, nikakutafuta bombani, nikakukuta kanisani peke yako, umepiga magoti kwenye ngazi ya pili, unaipapasa kwa vidole. Nikakuuliza unafanya nini. Ukasema, "Natafuta nilipojikwaa." Ukasema umeangalia ngazi yote hakuna kitu kilichoinuka, hakuna msumari, hakuna ufa. Ukaniuliza kama ninakumbuka ni mguu gani. Nami, Mungu ananiona, nilikwambia ni wa kulia.

Ulirudi pale siku nyingi. Mlinzi wa kanisa alikuzoea. Na kwa kuwa hukupata kitu, ukaamua kwamba ngazi ni vitu vyenye jambo lisiloonekana, ukaacha kuzipanda. Ngazi yoyote. Hata ile moja ya dukani ulisimama chini ukaomba mkate kutoka barabarani. Nilimwambia Dada Rehema nilichowaambia wengine, kwamba ulijikwaa, naye akafanya kazi kwa habari niliyompa. Akakupa mazoezi ya kuinua miguu. Miezi minane, Seche, ulipita juu ya vijiti uwanjani ukiinua magoti hadi kifuani, unatibiwa ugonjwa ambao hukuwa nao, na mimi nilikuwa nimesimama pembeni, mikono nyuma kama mtu mwema.

Bibi yako alikuwa ameona. Alikuwa amekaa benchi moja na mimi. Hakusema neno mpaka mwaka ule alipolala kitandani asiinuke tena, siku moja ninampa maji akanishika mkono. "Ni huu," akasema. Nikajifanya sielewi. "Ni mkono huu. Utamwambia lini mtoto?" Nikamwambia nitakwambia. Tumemzika na bado sikukwambia.

Nataka uelewe kwa nini, ingawa sababu haifuti kitu. Mwanzoni ilikuwa aibu. Baadaye ikawa kitu kingine kibaya zaidi. Ulipoacha kupanda ngazi ulirudi kunihitaji. Niliingia dukani kukununulia mkate, nikakupandia ngazi za benki, nikakutangulia kila mahali nikisema, "Huyu hawezi ngazi." Nililizoea neno hilo. Kulikuwa na raha ndani yake, na naona haya kuiandika, lakini ilikuwepo.

Kisha mwezi wa kumi uliopita nilikuwa napogoa mistari ya mwisho karibu na ghala la zabibu. Unazijua zile ngazi za nje zinazopanda hadi chumba cha juu wanakoweka makreti. Nikakusikia kabla ya kukuona. Ulikuwa unahesabu. Nikachungulia kati ya majani, ukawa umefika ya sita. Hukushika ukuta. Ukafika kumi na moja, ukageuka, ukatazama mashamba yote kuanzia pale hadi milimani kama mtu anayekagua mali yake, ukashuka. Ukapanda tena. Mara tano. Sijui ulianza lini wala ni nani aliyekwambia uanze. Nadhani hakuna. Nadhani ulichoka kusubiri kujua.

Nilijikuta nimeweka mikono nyuma, peke yangu, katikati ya mizabibu, kisu cha kupogolea kimenibana mgongoni.

Sikukwambia kwamba nimekuona. Na wiki iliyopita matroni wa bweni lenu aliponipigia simu kuuliza habari zako, akasema kuna kitanda chini karibu na ofisi yake na kuna kingine ghorofani dirishani, nilijibu bila kuvuta pumzi: "Mpe cha chini. Hawezi ngazi." Nilikuwa nimeshakusikia ukimwambia shangazi yako kwamba ungependa dirisha la juu. Nilikuwa nimeshakuona kwenye ghala kwa macho yangu. Nikasema hawezi. Nilikushika kiwiko tena, safari hii kwa simu, mpaka Iringa.

Ndicho kinachonizungusha nyumba nzima tangu asubuhi.

Kwa hiyo niliacha kalamu hapo juu nikatoka uani nikampigia. Nakuandikia mazungumzo yote kwa sababu utataka kuyajua.

Nilimwambia, "Mama, ni mama yake Sechelela wa Dodoma. Nilikwambia mwanangu hawezi ngazi. Anaweza."

Akaniuliza, "Mbona wiki iliyopita ulisema hawezi?"

"Nilisema uongo."

"Basi sawa," akasema, kama mtu ambaye akina mama humwambia uongo kila wiki. "Tumweke juu?"

"Mweke juu, dirishani, kama bado kipo. Na wasichana uwaambie wasimshike kwa nyuma. Wala kwa mbele. Hata akisimama katikati ya ngazi, wamwache, huwa anasubiri. Akitaka mkono atauomba." Kisha nikamuuliza ngazi ziko ngapi.

Akacheka. "Mama, nimekaa hapa miaka tisa sijawahi kuzihesabu."

Nikamwambia nasubiri. Nilisikia viatu vyake vikipanda, anahema, anahesabu. Alinipigia kelele kutoka juu kama vile simu haipo.

Sasa sikiliza machache, halafu nikuache usukwe. Utaanguka tena, Seche, siku nyingine kweli, maana hata mimi huanguka, na ile nguzo ya baba sijawahi kuimaliza. Kuna siku utachoka, kelele zitakuwa nyingi na miguu itasahau. Fanya mazoezi yako hapo kando ya kitanda, hata kama watakutazama. Lakini mtu akikwambia umejikwaa, na wewe umetafuta, umepapasa, hakuna kitu, usiendelee kutafuta miaka sita. Muulize yeye alikuwa amesimama wapi. Miguu yako ilikuwa inasema kweli muda wote, na mimi niliyeizoeza ndiye niliyeikana.

Sikuombi unisamehe leo. Najua wewe husemi "nimekusamehe" mpaka iwe kweli, na huenda ikachukua mavuno mawili au matatu. Nitasubiri, ingawa unajua kusubiri sikuwezi. Baba yako kesho atakuwa amesimama pale Mtera basi linapopunguza mwendo, amevaa shati la buluu, na nimeshamwambia shangazi yako akukalishe dirisha la kulia. Nilikuwa nimempigia juzi apande basi hapo awasindikize hadi Iringa. Alinijibu neno moja, "Mwache," akakata.

Umefika mstari wa kumi na nne. Shangazi anasema bado mmoja. Nimechukua ile ngata yako ya zamani kwenye kikapu nikaiweka begini, upande wa kushoto chini ya sweta, haimo kwenye orodha yako, naomba radhi kwa hilo. Barua nitaiweka ndani yake. Isome ukiwa umefika.

Kesho nitakuwa chini mlangoni mwa basi, hatua moja kutoka kwako. Lina ngazi tatu. Hutahitaji kuniambia kitu.

Za bwenini ni ishirini na mbili. Kumi na moja, kisha kuna mahali pa kugeukia, kisha kumi na moja. Ni zile za ghala mara mbili.

Mama yako,
mikono nyuma.